Jina lilelile, mlingoti mwingine: laini ya khalti ilivyokufa Lamu

Hiki kisa nakiandika chote mwanzo mpaka mwisho manake najua hapa Lamu, na Malindi vilevile, kuna nyumba nyingi zina mzee kama khalti yangu, dada wa mama, karudi kutoka ulaya na laini yake ya kule bado imo kwenye simu, na hakuna anayeifikiria mpaka siku inakufa.

Khalti alikaa Leicester miaka zaidi ya ishirini, kazi yake ilikuwa kutunza wazee, akastaafu akarudi zake nyumbani, mtaa wa Mkomani hapa Lamu. Pensheni yake inaingia kwenye benki ya kule Uingereza. Kila mwisho wa mwezi anafungua apu ya kutuma pesa, anaandika kiasi anachotaka, benki inamletea namba sita kwa meseji kwenye ile laini ya Uingereza, anaziingiza, halafu haichukui muda pesa ziko M-Pesa. Umeme, maji, mshahara wa mtu anayemsaidia nyumbani, dawa za presha, vyote vinapita kwenye zile namba sita. Laini yenyewe ni ya hizi kampuni za bei nafuu, anaweka paundi chache na zinakaa, hapigi nayo simu hata siku moja, kazi yake ni kupokea meseji tu, na kupokea meseji ukiwa nje ya nchi kwa laini nyingi za kule ni bure. Kwa hivo simu ile ilikuwa inakaa kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, karibu na msahafu na miwani, inachajiwa, inasubiri mwisho wa mwezi.

Mimi ndio mtu wa simu kwenye ukoo, nina kibanda mtaa wa Langoni, nauza vocha na kutengeneza vioo. Asubuhi moja napigiwa, sabalkheri, sabalkheri khalti, akaniambia mwanangu simu yangu ya Uingereza haileti namba, nimejaribu mara tatu na benki imeshaanza kunionya. Nikajua ni netiweki tu, nikamwambia izime uiwashe. Akaizima akaiwasha. Wapi.

Jioni nikaenda. Pale juu kwenye skrini imeandikwa hakuna huduma. Nikaingia kwenye seting nikatafuta mitandao kwa mkono, majina ya mitandao yote ya hapa yakatoka, nagusa wa kwanza unakataa, wa pili unakataa, wa tatu hivohivo. Nikamwomba hereni, kile kipini chake ndicho kilichofungua trei ya laini, nikatia laini yangu mimi, simu ikashika saa ileile baa nne. Sawa, simu nzima. Nikachukua laini yake nikaitia kwenye simu yangu, hakuna huduma. Hapo nikajua kuwa ugonjwa uko kwenye kadi yenyewe, wala si busta ya Lamu, yaani mlingoti wa simu, na nakubali nilipoteza nusu saa nzima nikilaumu busta manake sisi huku tumezoea kosa kuwa hapo.

Tukafungua baruapepe zake. Zilikuwa zaidi ya mia nne hazijasomwa, nyingi matangazo ya maduka ya kule. Katikati ya hayo matangazo nikazikuta tatu za ile kampuni ya laini. Ya kwanza ilikuja kama miezi minne nyuma: tunahamia mtandao mpya ulio bora, tutakutumia simkadi mpya nyumbani, namba yako inabaki ileile. Ya pili: simkadi yako iko njiani. Ya tatu, kwa herufi nene, inasema ukifika tarehe fulani kadi ya zamani itazimwa. Ile tarehe ilikuwa imepita siku tisa.

Sasa hapa nataka nieleze polepole, manake nilipomweleza khalti mara ya kwanza hakunielewa na kosa lilikuwa langu mimi niliyekuwa nakimbia.

Sisi Kenya tumezoea kitu kimoja. Kampuni inabadilisha jina, mlingoti unabaki pale pale. Waliokuwa na 0733 tangu zamani wanajua, ilianza Kencell mwaka 2000, ikawa Celtel 2004, ikawa Zain 2008, ikawa Airtel 2010, rangi zimegeuka mara tatu na mtu namba yake ni ileile. Kwa hivo kichwani mwetu jina likibadilika tunaona mambo yamebadilika, na jina lisipobadilika tunaona hakuna kitu. Hizi kampuni za bei nafuu ni kinyume chake kabisa. Jina linabaki lilelile, rangi ileile, namba ileile, na chini yake mlingoti wote umegeuka.

Sababu ni kuwa hawana mlingoti. Wananunua dakika na data kwa jumla kutoka kwa mwenye milingoti, wanakuuzia wewe rejareja. Hata hapa kwetu ipo, Equitel ni hivo, Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa leseni 2014 na laini zake za 0763 zinapanda milingoti ya Airtel, na wengi wetu tunaikumbuka ile laini nyembamba kama karatasi iliyobandikwa juu ya laini nyingine. Kule Uingereza zimejaa. Virgin Mobile ndio ilitangulia mwaka 1999, ilikuwa ikipanda mtandao wa One2One, ambao ukaja kuwa T-Mobile halafu ukaingia ndani ya EE, baadaye Virgin wakafunga mkataba wa kuhamia Vodafone, halafu 2021 wenyewe wakaungana na O2 na wateja wakahamishiwa huko. Hebu fikiria mteja wa siku nyingi hapo, yeye anaona neno Virgin tu.

Na kinachowahamisha ni bei. Mkataba na mwenye milingoti una mwaka wake wa kwisha, ukiisha kila mwenye milingoti analeta bei yake, na kampuni ndogo inaishi kwa tofauti ya senti, akipatikana wa bei ya chini wanahama. Au kampuni inauzwa, mnunuzi ana milingoti yake, atalipaje kodi kwa mwingine? Marekani ilikuwa hivo pale Verizon, wenye milingoti yao, ilipoinunua Tracfone, kampuni ya bei nafuu, mwishoni mwa 2021, na Tracfone ilikuwa na wateja kwenye milingoti ya AT&T na T-Mobile pia. Sioni kosa kwenye biashara hio. Mtu akinipa vocha kwa punguzo kubwa zaidi mimi pia nitahama kwa huyo.

Lakini kadi. Kila simkadi ina namba yake ya ndani, tarakimu 15, si namba unayompa mtu akupigie. Tatu za mwanzo ni nchi, Kenya ni 639, Uingereza ni 234. Zinazofuata ni mtandao, hapa Safaricom ni 02, Airtel 03, kule O2 ni 10, Vodafone 15, Three 20. Khalti akiwasha simu yake Mkomani, mlingoti wa hapa unasoma zile tano za mwanzo ndio unajua swali liende kwa nani, unauliza Uingereza, huyu ni wenu? Na kwa zaidi ya mwaka mtandao wa zamani ulikuwa unajibu ndio ni wetu, mpokeeni. Ile tarehe ilipofika jibu likawa simjui. Ndio maana mitandao yote mitatu ilikataa kwa namna moja. Namba yake ya simu ilikuwa hai, ipo kwenye mtandao mpya inasubiri, lakini kadi aliyonayo mkononi ilikuwa haina mwenyewe tena.

Nilipomwambia hivo akanyamaza, akasema, kumbe namba ni yangu, kadi ni yao.

Ndio hivo hasa khalti.

Basi simkadi mpya iko wapi? Iko Leicester, kwenye nyumba ya zamani ambayo anakaa mpwa wake, bahasha imekaa wiki kadhaa chini ya rundo la karatasi mlangoni, mtoto wa watu anafanya kazi zamu ya usiku hafungui barua zisizo na jina lake na adabu yake ndio hio. Nikaingia kwenye chati ya kampuni ile, manake namba yao ya kupiga ni ile fupi ambayo inafanya kazi kwenye laini yao wenyewe, yaani laini ikifa huwezi kuwapigia kuwaambia imekufa. Dakika arobaini nasubiri. Akaja mtu, mpole, akanipa njia mbili: tutume kadi nyingine kwa posta kwenye anwani ya Uingereza, au eSIM, ile laini ya ndani isiyo na kadi, unapiga picha mchoro wa mraba kwenye baruapepe basi. Simu ya khalti ni ya zamani, haina eSIM. Nikamuuliza kama kadi inaweza kuja huku, ikiwa ni sanduku la posta Lamu. Hapana. Nikamuuliza, ile iliyoko Leicester ikiletwa huku itawaka? Akasema lazima iwashwe mara ya kwanza ikiwa ndani ya Uingereza. Na hili si lao peke yao, laini nyingi za kule ziko hivo.

Kwa hivo mpwa akaitia kwenye simu yake kule, ikawaka siku ya pili. Alhamdulillahi. Lakini ona tulipofika, zile namba za benki sasa zinaingia kwenye simu ya Leicester, khalti ako Lamu anabonyeza, mpwa anaamshwa usingizini anazisoma kwa WhatsApp. Benki kila meseji imeandika usimpe mtu yeyote namba hizi. Khalti ni mtu wa amana, alikuwa anajisikia kama anaiba pesa yake mwenyewe, mwezi wa kwanza alinikatalia kabisa akakopa dukani. Mwezi wa pili dawa zilipokwisha ndio tukafanya hivo, mimi nimesimama pale, na sikupenda hata kidogo, manake mtu mzima akishazoea kusomewa namba na kuzisomesha, siku tapeli akipiga atamkuta ameshafunguliwa mlango.

Nikasema tubadilishe namba kabisa benki, tuweke ya Kenya. Benki ikasema sawa, ili kubadilisha namba tutakutumia namba za kuthibitisha kwenye namba yako ya sasa. Na hata hivo haikubali namba ya nje kwa aina ile ya akaunti. Tukarudi palepale.

Kadi ilikuja na mtu aliyekuja Maulidi, imefungwa ndani ya karatasi ya sabuni, akanikabidhi nje ya msikiti wa Riyadha baada ya magharibi. Nikakimbia nayo Mkomani. Nikaitia, dakika moja, mbili, ikashika. Furaha. Halafu khalti akaweka simu kwenye zidaka pale pale pa siku zote na netiweki ikapotea.

Hili ndilo ambalo hata baruapepe tatu hazikuliandika. Mtandao mpya kule Uingereza una makubaliano na mtandao mwingine wa hapa, sio ule kadi ya kwanza ilikuwa ikishika. Ule wa kwanza ulikuwa unaingia mpaka ndani. Huu mwingine, kwenye nyumba ya kale ya Lamu, kuta za matumbawe na chokaa unene wa mkono mzima, haupenyi. Kwenye daka, ile baraza ya mlangoni, unashika kidogo, msana, ukumbi wa kwanza wa ndani, hakuna, ndani ndio usiseme. Juu kwenye makuti baa tatu. Kwa hivo mwanamke ana zaidi ya miaka sabini, magoti yake mabovu, ili apate pensheni yake inabidi apande ngazi zile za mawe mpaka juu ya nyumba. Kule Leicester mtandao mpya ni bora, mpwa mwenyewe anausifu, intaneti inakimbia. Mtandao bora ni bora pale ulipo wewe.

Niseme lawama yangu inapoangukia. Kuhama sio kosa. Kutuma baruapepe sio kosa, walitimiza sheria, kule msimamizi wao Ofcom anataka mteja wa mkataba apewe taarifa angalau mwezi mmoja kabla ya mabadiliko yanayomuumiza na aruhusiwe kutoka bila faini, na hawa walitoa miezi minne. Lakini laini ya khalti ilikuwa Kenya siku zote zile na wao wanaona. Kampuni haiwezi kusema haikujua, kila laini ikiwa nje ya nchi inaandikwa iko nchi gani, imeshika mtandao gani, ndivyo wanavyolipana. Walikuwa na orodha ya watu ambao posta haitawafikia na ambao kadi mpya haitawaka walipo. Wangeweza kuiacha kadi ya zamani iishi miezi kadhaa zaidi kwa watu wa orodha hio tu. Wangeweza kutuma meseji ya kawaida kwenye laini yenyewe, ile inayofika, badala ya baruapepe, manake meseji ya SMS khalti anaisoma kila moja. Nilikagua simu yake, ilikuja moja tu, ina kiungo cha kubonyeza na maneno mawili, na sisi wenyewe ndio tuliomfundisha asibonyeze viungo.

Na sisi pia tuna letu, wallahi. Nimekuwa nikimwona khalti kila Ijumaa, sikuwahi kumuuliza laini yako ya Uingereza inapanda kwa nani. Kama ningeisoma ile baruapepe ya kwanza, tulikuwa na miezi minne, laini bado hai. Angetuma neno PAC kwenda 65075, bure, anapewa msimbo unaoishi siku 30, na kwa huo msimbo namba inahamia kampuni yoyote nyingine unayoichagua wewe, tungetafuta ile ambayo mwenye milingoti wake anashikana na mtandao unaoingia mpaka kwenye zidaka. Au tungenunua simu yenye eSIM mapema kwa utulivu. Kadi ikishakufa hata hilo neno PAC huna pa kulitumia, unarudi kwenye chati kusubiri dakika arobaini.

Mtu wa kibandani akaniuliza, na hapa Kenya ikitokea? Ilitokea. Kampuni ya simu ya yu ilipoondoka 2014 wateja wake walikwenda Airtel na mitambo ikaenda Safaricom, vitu viwili vilivyokuwa kimoja vikagawanywa kama mirathi. Lakini sisi jambo letu ni zito zaidi manake pesa yenyewe iko kwenye laini. Tangu Aprili 2011 unaweza kuhama na namba yako mtandao mwingine, lakini M-Pesa haihami na namba, na ndio maana wachache sana wanahama. Na kule Uingereza mambo yanazidi kusogea, Vodafone na Three zimeungana Mei 2025, waliokuwa wenye milingoti wanne sasa ni watatu, na kila kampuni ndogo iliyokuwa inapanda juu yao itakuja kukaa mezani upya siku mkataba wake ukiisha.

Tulimalizaje? Nilikaa na khalti siku nzima juu ya makuti na birika la kahawa, tukaweka apu ya benki yenyewe kwenye simu yake ili uthibitisho uwe ndani ya apu kwa alama ya kidole, unapita kwa waifai na hauhitaji meseji wala baa. Meseji ilihitajika mara moja tu ya kuisajili simu, ikaingia pale juu, namba sita, akazisoma mwenyewe kwa sauti akaziingiza mwenyewe. Ile apu ya kutuma pesa bado inataka meseji ikiwa kiasi ni kikubwa, kwa hivo laini hatujaiacha, tumeiweka kwenye simu ya kabambe ya zamani, ile ndogo ya vitufe, tukaining'iniza juu kwenye nguzo ya makuti ndani ya kikapu, na mtoto wa jirani ndiye anayepanda kuishusha. Anaishusha bila kuisoma. Anwani ya baruapepe iliyoko kwa kampuni ya laini tumebadilisha, baruapepe zao sasa zinakuja na kwangu pia.

Juzi amekuja mzee wa Shela kibandani, ana laini ya Ujerumani, anataka nimtazamie kwa nini inashika na kuachia. Nikamuuliza, laini hii inapanda milingoti ya nani? Hajui. Nikamwomba tufungue baruapepe. Tangu Ramadhani kuna tatu za kampuni yake ambazo hazijafunguliwa.